Breki mpya kwenye chukudu ya zamani

Mimi ni mzaliwa wa Buleusa, lakini chukudu nimeijulia kwenye miteremko ya Goma. Breki yake ni kipande cha tairi juu ya gurudumu la nyuma: dereva hukikanyaga, msuguano ukageuza mwendo kuwa joto. Mjomba alitaka kuifungia yake diski ya pikipiki. Nikamwambia: “Mjomba, diski hushika gurudumu tu, kinachoshika barabara ni mpira.” Mteremkoni uzito huegemea mbele, hivyo gurudumu la nyuma likikazwa ghafla huteleza, na magunia ya makaa humsukuma dereva. Tuliweka kwanza mpira mpya kwenye magurudumu yote mawili. Nguvu ya breki huishia pale mpira unapoachia ardhi.