Ile tarehe ndogo kwenye simu yako, umeshaiangalia?

Leo siongelei jinsi ya kupiga picha bidhaa wala jinsi ya kupata wateja. Naongelea simu yenyewe, maana kwa sisi tunaouza mtandaoni simu ndo duka, ndo kaunta, ndo droo ya hela.

Nianze na kwangu. Mi niko hapa Sumbawanga mjini, nauza dagaa na migebuka ya Kirando pamoja na maharage, na wateja wangu wengi wako Mbeya na Dar. Mteja anatuma hela kwanza, mi nakusanya oda, kisha mzigo unapanda basi. Mwaka jana siku moja jioni niliangalia salio nikakuta laki sita na arobaini. Katika hizo zangu labda elfu themanini. Zilizobaki zote ni za watu ambao bado hawajapata mzigo wao. Muda huohuo simu ikaleta ule ujumbe wake wa kila siku, kwamba kuna apdeti ya mfumo. Nikabonyeza "Baadaye" kama kawaida yangu. Halafu nikajiuliza, hivi hii kitu naiahirisha tangu lini? Nikaingia kwenye mipangilio. Apdeti ya mwisho ya usalama ilikuwa ya miezi kumi na moja nyuma.

Sikuibiwa, nashukuru Mungu. Ila usiku ule sikulala vizuri, maana hela ile haikuwa yangu. Kuanzia hapo nikawa nasoma, na nilichoelewa ndo nawaletea leo kwa lugha ya dukani.

KENELI NI NINI?

Ndani ya simu, chini kabisa ya programu zote, kuna kiini cha mfumo. Mafundi wanakiita keneli. Simu zote za Android, iwe Tecno, Infinix, itel, Samsung au Redmi, zinatumia keneli inayoitwa Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds akiwa bado mwanafunzi kule Helsinki, Finland.

Ichukulie keneli kama mtunza stoo. WhatsApp, Instagram, app ya benki, hao ni vijana wa kaunta. Hakuna hata mmoja anayeruhusiwa kuingia stoo mwenyewe. Akitaka kamera, akitaka intaneti, akitaka kuhifadhi kitu, anamuomba mtunza stoo. Kila kijana ana kona yake na hapekui kona ya mwenzake. Ndo maana mchezo uliopakua kumtuliza mtoto hauwezi kusoma siri za app yako ya benki.

Sasa mtunza stoo akiwa na udhaifu, mjanja akajua namna ya kumzuga, kijana mmoja wa kaunta anabeba funguo za stoo nzima. Hapo kona haina maana tena. Namba ya siri uliyoweka kwenye skrini haisaidii, kwa sababu mwizi hakupita mlangoni, kapitia ndani.

Makosa ya namna hiyo yapo, maana keneli ni maandishi ya binadamu na ni mistari mamilioni. Yanatafutwa na kuzibwa kila wiki. Ile dawa ya kuziba ndo inaitwa kiraka, na kiraka ndo kinachokuja ndani ya apdeti ya mfumo unayoiahirisha.

DAWA INAPOCHELEWA NJIANI

Hapa ndo kuna jambo wengi hatulijui. Kosa likishatengenezwa huko kwa watu wa Linux, simu yako haijapona bado. Kiraka kinatoka kwao, kinaenda Google, kinaenda kwa watengeneza chipu, kinaenda kwa kampuni iliyotengeneza simu yako, ndipo kinakufikia wewe. Ni kama maharage ya Laela mpaka yafike Kariakoo: mkulima, dalali, stoo, lori, stoo tena. Mzigo unaweza kukwama popote.

Mfano wa kweli huu hapa. Novemba 2017 mtambo wa kutafuta makosa ya Linux uligundua kosa kwenye Binder, ile sehemu ya keneli inayofanya programu za Android ziongee. Mwanzoni mwa 2018 kosa likawa limeshazibwa kwenye Linux. Ila kiraka hakikuwekwa kwenye taarifa za usalama za Android, kwa hiyo simu nyingi zilizokuwa mikononi mwa watu hazikukipata. Septemba 2019 kikosi cha usalama cha Google kinachoitwa Project Zero kikaligundua upya, na safari hii kulikuwa na dalili kwamba kuna watu tayari wanalitumia kushambulia simu. Kati ya simu zilizotajwa zilikuwepo Samsung S7, S8 na S9, Redmi 5A na Huawei P20. Yaani dawa ilikuwepo zaidi ya mwaka na nusu, na bado watu walikuwa wazi. Programu moja mbaya ukiipakua, simu nzima inakuwa ya mtu mwingine. Kiraka cha Android kikatoka Oktoba 2019.

Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: dawa imefika kwenye simu yangu mimi?

ANGALIA TAREHE SASA HIVI

Fungua "Settings", shuka mpaka "About phone", kisha gusa toleo la Android. Tafuta palipoandikwa "Android security update" au "Security patch level". Utaona tarehe. Kwenye simu nyingine ipo chini ya "Security".

Angalia vizuri, kunaweza kuwa na tarehe nyingine ya "Google Play system update". Hiyo siyo. Na kuapdeti programu Play Store pia siyo, hakugusi keneli kabisa.

Jambo dogo wengi hawalijui: tarehe hiyo mara nyingi huwa ya 1 au ya 5 ya mwezi. Ikiwa ni 1, zimeingia dawa za Android yenyewe. Ikiwa ni 5, zimeingia na zile za keneli na za chipu. Kwa hiyo 5 ni bora kuliko 1 ya mwezi huohuo.

UKISHAIJUA TAREHE, FANYA HIVI

1. Apdeti ikiwepo, iweke leo usiku baada ya kufunga oda. Nunua bando la kutosha au tumia waifai, maana inaweza kuwa MB mia kadhaa na wakati mwingine inazidi GB moja. Chaji ivuke nusu, isije umeme ukakatika ukabaki unahangaika. Hifadhi kwanza picha na chati za WhatsApp. Ikianza kujiwasha na kujizima usiiguse.

2. Ukinunua simu ya mkononi, usiishie kuangalia kamera na GB. Muombe muuzaji akuonyeshe hiyo tarehe, kisha bonyeza kutafuta apdeti mpya. Kama tarehe ni ya miaka mitatu nyuma na simu inasema iko sawa haina apdeti, ujue kampuni imeshaacha kuihudumia. Itapiga picha nzuri, lakini usiifanye droo ya hela.

3. Simu yako imeachwa na kampuni na huna hela ya nyingine? Usiitupe. Toa laini yenye hela, iweke kwenye kitochi. M-Pesa ni *150*00#, Airtel Money ni *150*60#, zinafanya kazi kwenye kitochi vizuri tu. Kisha futa app za pesa na za benki kwenye simu ya zamani. WhatsApp ya biashara inaendelea kufanya kazi hata laini isipokuwa humo, ila washa uthibitishaji wa hatua mbili. Mi nilifanya hivi miezi minne mpaka nikapata simu nyingine.

4. Acha programu za kuchonga kama GB WhatsApp, na mafaili ya kusakinisha unayotumiwa kwenye magrupu. Hazitoki kwa wenye WhatsApp. Mtu anayetaka kumzuga mtunza stoo lazima kwanza apate kijana wa kumuingiza kaunta, na mara nyingi sisi wenyewe ndo tunamfungulia mlango.

USIJIDANGANYE NA APDETI PEKE YAKE

Apdeti haitakuokoa ukimtajia mtu namba ya siri, wala ukitekeleza ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii". Meseji kama hiyo itume kwenda 15040, na namba zilizosajiliwa kwa jina lako zikague kwa *106#. Hayo ni ya kwetu sisi, keneli haihusiki.

Watu wa mbali wakisikia Sumbawanga wanawaza uchawi. Hela ikipotea kwenye simu hata sisi wenyewe tunaanza kuulizana nani karoga. Kabla hujamtafuta mchawi, angalia tarehe.

Mama wa Mbeya anayekutumia elfu hamsini ya dagaa hajawahi kukuona. Hajui simu yako ni ya mwaka gani wala kama umebonyeza "Baadaye" mara ishirini. Amekuamini tu. Nenda kaangalie tarehe sasa hivi, halafu mtumie na mwenzako ambaye simu yake ndo duka lake.