Waridi la Jangwani: Mti Usiouawa na Kiu

Miaka kadhaa iliyopita shangazi yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliniletea mche ndani ya kopo kuukuu la maziwa. Shina lake lilikuwa nene kama ngumi ya mtu mzima, majani yake machache, na maua yake mekundu yenye moyo mweupe. Akaniambia: "Mwanangu, mti huu hauuawi na kiu. Ukiuonea huruma sana, ndipo utakapoufisha."

Nikacheka, wala sikuyazingatia maneno yake. Kila alfajiri nirudipo msikitini niliumwagia kata nzima ya maji. Haukutimia mwezi, maua yakapukutika, na shina likawa laini mfano wa embe lililooza.

Mti huo ni waridi la jangwani, ambao wataalamu huuita Adenium obesum. Kwa hakika si waridi, bali ni jamaa ya oleanda. Makao yake ya asili ni nyika kame za Afrika, zikiwemo za hapa kwetu Kenya, na Bara Arabu. Jina lake la kitaalamu lahusishwa na Aden, nchini Yemen. Ni katika Yemen hiyo ndimo Peter Forsskål, mtaalamu wa mimea aliyefariki huko mwaka 1763, alipouona na kuuandika. Maandishi yake yalichapishwa mwaka 1775.

Shina lake nene ni ghala. Mvua inyeshapo hujiwekea maji humo, na ukame ujapo huyatumia kidogo kidogo. Hupukutisha majani ili maji yasipotee, nasi hudhani umekufa, tukakimbilia ndoo. Hapo ndipo tunapokosea, kwani mizizi isiyopata hewa ndani ya udongo uliolowa huoza.

Anayetaka kuupanda nyumbani na achague chungu chenye tundu chini. Achanganye udongo, mchanga wa mtoni na kokoto ndogo au vigae vilivyopondwa, kwa vipimo vilivyo sawa. Mchanga wa ufuoni usitumike, kwa kuwa una chumvi. Chungu kiwekwe mahali penye jua la saa sita au zaidi kwa siku. Kabla ya kumwagilia, tia kidole udongoni. Ukihisi unyevu, acha. Wakati wa kaskazi huenda ukahitaji maji mara moja au mbili kwa wiki. Masika ikiingia, usogeze chini ya upenu, na katika baridi ya kusi upunguzie maji.

Aidha, libonyeze shina. Likiwa laini na udongo ni mkavu, lina kiu. Likiwa laini na udongo umelowa, linaoza, na hapo usingoje.

Wangu uliokolewa na shangazi mwenyewe. Aliung'oa, akakata sehemu yote iliyooza mpaka akafikia nyama ngumu nyeupe, akaulaza kivulini siku kadhaa hadi jeraha likakauka, kisha akaupanda katika mchanga mkavu. Maji hakuutia mpaka ulipochipua. Hadi leo upo barazani kwangu.

Lipo jambo zito zaidi. Utomvu wake ni sumu inayodhuru moyo. Baadhi ya makabila ya Afrika waliupaka kwenye mishale yao ya kuwindia. Siku moja nilimkuta mjukuu wangu amevunja tawi, vidole vinanata, mkono waelekea kinywani. Nilimdaka, nikamwosha kwa sabuni na maji mengi, na moyo wangu haukutulia hadi jioni. Tangu siku hiyo chungu kiko juu ya ukuta, pasipofikiwa na watoto wala mbuzi. Ukatapo matawi, vaa glavu na usijiguse macho. Usiufanye dawa ya kunywa, hata ukisifiwa vipi. Na mtoto akiumeza, mkimbize hospitali mara moja. Usipoteze muda kwa kumnywesha maziwa.

Nimejifunza kwa mti huu kwamba mapenzi pasina elimu huweza kuangamiza kile tukipendacho. Sikuutesa mti wa shangazi kwa chuki. Niliutesa kwa kutoujua. Basi tujue kwanza mahitaji ya tunachokilea, ndipo tukinyanyue kata. Mola atujaalie hekima katika malezi yetu yote.