Je, Wajua? Picha za Bure Kwenye Ordinatere Yako

Je, wajua kwamba pengwini wa Linux, mfumo huria wa kompyuta, hakushinda shindano hata moja? Larry Ewing alimchora mwaka 1996 kwa programu huria ya GIMP, wakati watu wakitafuta nembo ya Linux. Mashindano yalifanyika mara tatu, na mara zote tatu pengwini akaangushwa. Waliomshinda nani anawakumbuka leo? Ewing alimruhusu yeyote kuutumia mchoro na hata kuubadilisha, mradi akiulizwa amtaje yeye na GIMP.

Je, wajua kwamba mwaka huohuo wa 1996, New York ilionyesha sanaa ya Waluba wa Kongo, zikiwemo lukasa, mbao zao za kumbukumbu? Ubao huo ulishikwa kwa mkono wa kushoto, kidole cha kulia kikapita juu ya shanga huku msomaji wa chama cha Mbudye akisimulia habari za wafalme. Shanga kubwa iliyozungukwa na ndogo ilionyesha mkuu na watu wake. Rangi ilisema kitu, ukubwa ulisema kitu, mahali shanga ilipokaa palisema kitu. Nani basi atakuja kuwafundisha Waluba wa Kamina kwamba mchoro mdogo unaweza kubeba maneno mengi?

Je, wajua kwamba Debian, mmoja wa mifumo ya Linux, hauna kampuni inayochora sura yake? Kila toleo likikaribia, waratibu hutangaza kwamba michoro inatakiwa, watu wa kujitolea wakaleta, kura ikapigwa. Juliette Taka, mchoraji wa Ufaransa, kazi zake zimevaliwa na matoleo manne: la 2015, la 2017, la 2021 na la 2023. La 2019 alilichukua Alex Makas. Mwaka 2025 ikawa zamu ya Elise Couper na mchoro wake uitwao Ceratopsian, jina la jamii ya dinosaria wenye pembe. Sababu? Matoleo ya Debian hupewa majina ya wahusika wa filamu za Toy Story, na la 2025 liliitwa Trixie, mwanasesere wa dinosaria mwenye pembe tatu.

Na je, wajua kwamba picha moja nzuri haitoshi? Hapa ndipo wengi hukwama. Mfumo mmoja unadai picha ya menyu ya kuwashia, ya kusakinishia, ya mlango wa kuingilia na ya usuli, tena kwa skrini pana na zile za zamani zinazokaribia mraba. Mratibu anaichukua kazi yako, anatandaza alama za mafaili juu yake, kisha anatazama kama majina yake yanasomeka. Ua jeupe ulilolichora kwa usiku mzima pale kona ya juu kushoto linameza maandishi meupe yote. Anakurudishia. Unatia kivuli, unatuma tena. Tarehe nayo inasogea: programu zikishagandishwa kabla ya toleo kutoka, hakuna tena kuingiza mabadiliko makubwa, hata uwe fundi wa namna gani. Mratibu hana mshahara wa kukukata wala barua ya kukufukuza. Anachoweza ni kukukumbusha, na kukukumbusha tena, bila kukuudhi. Kwa maoni yangu hiyo ni kazi ngumu kuliko kuchora.

Je, wajua kwamba kazi yaweza kukataliwa kwa neno moja tu la leseni? Ukiandika kwamba mchoro wako usitumiwe kibiashara, Debian haiupokei: kanuni zake za mwaka 1997 zinataka yeyote aruhusiwe kutumia kwa shughuli yoyote, biashara ikiwemo. Picha uliyookota kwenye intaneti na kuipaka rangi nyingine, hiyo usiipeleke kabisa.

Kuhusu mega za intaneti, msiogope. Mchoro wa SVG kwa kweli ni maandishi: chora mstari kutoka hapa hadi pale, jaza kwa rangi hii. Ukiwa mwepesi, mara nyingi faili lake ni makumi ya kilobaiti tu, na likikuzwa liwe bango la kituo cha treni halichakai. Programu za kuchora za Inkscape, Krita na GIMP zote hufanya kazi bila mtandao. Mtandao utautafuta siku ya kutuma.

Je, wajua kwamba pengwini aliwahi kupewa likizo? Mwezi Machi 2009, toleo la 2.6.29 la kiini cha Linux lilimweka Tuz, mnyama wa kisiwa cha Tasmania aliyevaa mdomo wa bandia wa pengwini. Wanyama wa jamii yake walikuwa wakifa kwa uvimbe wa saratani usoni, na mchoro ulikusudiwa kuwakumbusha watu.

Ubuntu, mfumo mwingine wa Linux ulioanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, huliita kila toleo kwa jina la mnyama. Ilianza na ngiri mwaka 2004. Gorila alipata zamu mwaka 2020, tandala mwaka 2022. Herufi O imepita mara mbili, 2011 na 2024: ya kwanza alipewa paka-mwitu wa Amerika, ya pili ndege. Okapi wetu wa Ituri karukwa mara zote mbili! Hili nalisema kwa uchungu kidogo.

Je, wajua kwamba upande wa maneno Waswahili tuliingia zamani? Desemba 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili.

Na baada ya Trixie, toleo la Debian linalofuata linaitwa Forky, yule mwanasesere wa kijiko chenye meno ya uma ambaye mtoto alimtengeneza kwa vitu vya pipa la taka. Watoto wetu wanaounda magari kwa waya na makopo wangemchora bila kuuliza swali. Wakubwa wao wawasaidie kwenye leseni.