Ua la tarumbeta linapendeza, lakini mtoto asilichezee

Jua linapozama na baridi ya Njombe kuanza kushuka, ndipo ua hili hunukia zaidi. Ni lile jeupe, la njano au la waridi, refu kuliko kiganja, linaloning'inia kichwa chini mfano wa tarumbeta. Wengi hulipanda kupamba nyumba bila kujua kuwa kila sehemu ya mti wake, kuanzia mizizi hadi mbegu, ina sumu.

Kitaalamu mmea huu huitwa Brugmansia na asili yake ni Amerika Kusini. Hupenda hali ya hewa ya ubaridi, ndiyo maana hustawi nyanda za juu.

Namna ya kuutunza

Kata tawi lililokomaa lenye urefu wa sentimita 20 hivi, ulichomeke kwenye udongo wenye samadi iliyooza mvua zinapoanza, Novemba. Mmea huu hunywa maji mengi, hivyo kiangazi umwagilie mara kwa mara.

Njombe, adui ni baridi ya Juni na Julai. Umande ukiganda, majani huungua na kuwa meusi. Usiung'oe, subiri baridi ipite, kata sehemu zilizokufa, nao utachipua upya kutoka shinani. Makambako, adui ni upepo unaochana majani yake mapana, kwa hiyo upande nyuma ya ukuta.

Chagua kona ambayo watoto hawachezi na mbuzi hawafiki. Ukipogoa, vaa glavu na usijiguse macho. Matawi yafukie shimoni. Yasiwe fimbo za watoto wala vijiti vya mishikaki.

Dalili za sumu

Mtoto aliyetafuna ua, jani au mbegu hukauka mdomo, ngozi huwa nyekundu na ya moto, moyo hwenda mbio na mboni za macho hutanuka. Baadaye huweweseka na kuona vitu visivyokuwepo. Mzazi asiyejua anaweza kudhani malaria imepanda kichwani, au kwamba mtoto amerogwa, na saa za kumwokoa zikapotea.

Sumu hiyo si ya kupuuzwa. Mwaka 2019 huko Karamoja, Uganda, mamia ya watu waliugua na wengine kufariki baada ya kula unga wa lishe uliochanganyika na sumu ya mnanaha, mmea wa jamii moja na huu.

Ukiona dalili hizo, mtoe mtoto mabaki mdomoni, msuuze kwa maji, kisha mkimbize kituo cha afya au hospitali. Usimlazimishe kutapika, usimnyweshe maziwa wala mkaa wa jikoni. Beba tawi la mmea huo kwenye mfuko, umwonyeshe mganga. Hata akionekana ana nafuu, usiondoke naye kabla hujaruhusiwa, kwani dalili zinaweza kudumu zaidi ya siku moja.

Si lazima kung'oa kila mti. Lakini kama nyumba ina mtoto anayetambaa na kutia kila kitu mdomoni, subirini kwanza akue. Walio wakubwa waonyesheni ua lenyewe na kuwaambia wazi: hili tunaliangalia na kulinusa kwa mbali, haliliwi wala halichezewi.