Je, Wajua? Dawa ya Kusukutua Haifiki Harufu Inakotoka

Watu wengi wanaonunua dawa ya kusukutua mdomo huinunua kwa sababu moja: mdomo unanuka. Wengi wao pia hutokwa na damu kwenye fizi wanapopiga mswaki, lakini hawahusishi mambo hayo mawili. Harufu huwaaibisha mbele za watu, damu wanaizoea. Wanafanya kinyume cha inavyofaa. Kwa mgonjwa wa fizi, damu ndiyo habari yenyewe, na harufu ni tangazo lake tu. Dawa ya kusukutua hupunguza harufu kweli, lakini haigusi sehemu kubwa ya chanzo chake. Ikitumiwa pamoja na matibabu inasaidia. Ikitumiwa badala ya matibabu inaficha ugonjwa.

Tangu miaka ya 1960, Joseph Tonzetich wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, alichunguza pumzi za watu na kuonyesha kwamba uvundo wa kinywa hutokana hasa na gesi zenye salfa. Gesi hizi hutolewa na bakteria wasiopenda hewa, wanaovunjavunja protini za mate, za damu na za seli zilizokufa. Bakteria hao hujificha nyuma ya ulimi na kwenye mwanya ulio kati ya jino na fizi. Fizi ikiwa nzima, mwanya huo una kina cha milimita 1 hadi 3. Ukoga ukikaa na kuwa mgumu, fizi huvimba, kisha huachana na jino, na mwanya hugeuka mfuko wa milimita 5, 6 au zaidi. Daktari wa meno huupima kwa kuingiza taratibu kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita, na damu ikichuruzika anaandika. Ndani ya mfuko huo mna giza, mna damu, mara nyingine mna usaha, na hewa ni haba. Anayesukutua hupitisha dawa juu yake tu. Ni kama mto wa mchanga wa Kitui wakati wa kiangazi: maji yapo chini, na asiyechimba hayafikii.

Msomaji anaweza kuuliza: mbona tafiti zinasifu dawa hizi? Zinazisifu kwa haki. Mwaka 1970, Harald Löe na C. Rindom Schiøtt waliripoti kutoka Denmark kwamba watu walioacha kupiga mswaki kabisa, lakini wakasukutua mililita 10 za klorheksidini ya asilimia 0.2 mara mbili kwa siku, hawakuota ukoga wala fizi zao hazikuvimba. Hadi leo klorheksidini ndiyo kipimo cha kulinganishia dawa nyingine. Dawa zenye zinki nazo hunasa salfa kabla haijageuka gesi. Lakini watu wa Denmark walianza jaribio hilo meno yao yakiwa safi. Dawa ilizuia ukoga mpya usiote. Haikutakiwa kung'oa ukoga mgumu wa miaka mingi. Klorheksidini ikitumika muda mrefu huacha madoa ya kahawia kwenye meno na kuharibu ladha ya chakula, ndiyo maana kwa kawaida huandikwa kwa majuma machache tu.

Ukambani, nchini Kenya, nako kuna ushahidi wa kutusaidia. Mwaka 1988, Vibeke Baelum, Ole Fejerskov na Firoze Manji walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watu 1,131 wa umri wa miaka 15 hadi 65 mashambani katika wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni. Ukoga ulikuwa umeenea karibu kila mahali. Hata hivyo, mifuko ya milimita 4 au zaidi ilionekana kwenye chini ya asilimia 20 ya sehemu za meno zilizopimwa, katika kila rika. Kuna atakayesema basi hakuna haja ya wasiwasi. Mimi nayasoma hivi: walio wengi wana tatizo la juu juu, ambalo mswaki wa kila siku unaweza kulirudisha nyuma, na waliobaki wana ugonjwa wa kina usioponywa na chupa yoyote. Makundi yote mawili yanaweza kunuka mdomo. Kinachoyatenganisha ni kile kijiti cha milimita.

Pingamizi zito zaidi ni la umbali na gharama. Kutoka Tseikuru hadi Kitui mjini, au kutoka Mtito Andei hadi Wote, ni safari ya kumaliza siku na nauli, ilhali dawa ya kusukutua inauzwa jirani. Ni kweli, na serikali za kaunti zinawajibika kuisogeza huduma ya meno karibu na wananchi. Lakini chupa hununuliwa tena na tena, na fizi zinaendelea kuliwa kimya kimya. Kuna njia ya bei nafuu zaidi ya kuanzia: mswaki na dawa ya meno yenye floraidi mara mbili kwa siku, uzi wa kusafishia katikati ya meno, na kukwangua ulimi taratibu hadi nyuma. Maji yakiwa adimu, kijiti cha mti wa mswaki, ambao Wakamba huuita mukayau, kikitafunwa ncha na kusuguliwa vizuri hadi ukingo wa fizi, hufanya kazi ya maana.

Fanya hivyo kwa majuma mawili au matatu. Damu ikikoma na harufu ikapungua, fizi zako zilihitaji usafi tu. Zikiendelea kutoka damu, jino likilegea, au ikiwa una kisukari au unatumia sigara au ugoro, pesa ya chupa inayofuata iwe nauli ya kwenda kwa daktari wa meno. Ukoga ukishakwanguliwa hadi ndani ya mfuko, dawa ya kusukutua atakayokuandikia itakuwa na kazi inayoiweza: kuzuia ukoga mpya usirudi wakati fizi inapona.