KITAMBULISHO NA KURA YA MKULIMA

Siku za kuandikisha wapiga kura liko jambo moja linalowasumbua watu wengi, na hapa Kyuso huwasumbua zaidi wale wakaao mbali na barabara. Mtu amezaliwa papa hapa, shamba lake lajulikana, hata Chifu humwita kwa jina, lakini akifika mbele ya karani huambiwa, "Lete kitambulisho." Asipokuwa nacho hurudi nyumbani bila kuandikwa. Je, hiyo ni haki? Yafaa tulieleze pole pole, maana kila upande una neno lake.

Kwanza fahamuni sheria. Katiba ya 2010 yamruhusu kuandikishwa kila raia mtu mzima mwenye akili timamu, ambaye hakuhukumiwa kwa kosa la uchaguzi katika miaka 5 iliyopita. Kitambulisho hakikutajwa hapo. Sheria ya Uchaguzi ya 2011 ndiyo itakayo mtu aonyeshe kitambulisho cha taifa au pasipoti, na siku ya kura aje na cheti kile kile alichoandikishwa nacho.

Wanaoitetea kanuni hiyo wana sababu. Baada ya uchaguzi wa 2007, tume ya Jaji Kriegler iliona kwamba daftari la wapiga kura lilikuwa na majina ya wafu yapatayo milioni 1.2. Jina la marehemu ni kura iliyolala, na mwovu aweza kuiamsha. Ndipo kabla ya uchaguzi wa 2013 watu wakaandikishwa upya kwa picha na alama za vidole, na mwaka 2017 ikaja mashine iitwayo KIEMS ya kumtambua mtu kituoni. Lakini tuseme kweli: kitambulisho chamzuia aliye hai asipige kura mara mbili, ila hakimwondoi marehemu daftarini. Kwa hiyo, mkifiwa, andikisheni kifo kwa Chifu, msingoje mpaka siku ya kugawa shamba.

Upande wa pili nao una historia yake. Wazee wametusimulia habari za kipande, ambacho mwanamume Mwafrika alikivaa shingoni ndani ya kibati. Kilimfunga kwa bwana wa kazi, na kura hakikumpa. Waafrika walipowachagua wajumbe wao mara ya kwanza, Machi 1957, mtu alipimwa kwa elimu, mapato na mali. Wengi hawakupata kura, na wengine walipewa 2 au 3. Ndiyo sababu mtu akisikia kwamba hawezi kupiga kura bila karatasi fulani, hushtuka. Hata Uingereza, ambako picha ilianza kudaiwa vituoni mwaka 2023, ubishi ni huo huo.

Basi ni nani akosaye kitambulisho? Mara nyingi ni kijana aliyetimiza miaka 18 juzi juzi. Tuseme anakaa upande wa Ngomeni. Hutakiwa kuonyesha cheti cha kuzaliwa na vitambulisho vya wazazi. Kama alizaliwa nyumbani na hakuandikishwa, au wazazi wamekufa, safari huwa nyingi, na kila safari ni nauli na siku ya palizi iliyopotea. Akisha kupigwa picha hupewa karatasi ya kungojea, naye hungoja. Mwaka 2012 Bunge liliruhusu karatasi hiyo itumike kuandikisha wapiga kura wa uchaguzi uliofuata, lakini kituoni walitakiwa waje na kitambulisho chenyewe au pasipoti.

Katiba yasema mipango ya kuandikisha na ya uchaguzi imsaidie raia anayestahili, wala isimnyime kura. Kwa maoni yetu hapo ndipo penye kiini cha ubishi huu. Kudai kitambulisho si kosa. Kosa ni kukidai na kukiacha mbali.

Kuna na neno la vidole. Jembe na panga huzichakaza alama, na mashine yaweza kukataa kidole cha mzee. Asirudi nyumbani! Karani aweza kumtafuta kwa nambari ya kitambulisho, mbele ya mawakala, na Fomu 32A hujazwa. Na mashine zenyewe zikifa, liko daftari la karatasi. Agosti 2022, kwa jirani zetu wa Makueni, vituo 84 vya Kibwezi Magharibi viliruhusiwa kutumia daftari hilo baada ya mashine kushindwa.

Mwisho, ninyi mliohamia mashamba mapya kutoka mahali pengine: jina lenu lingali kule mlikoandikishwa, na huko ndiko mtakakopigia kura. Anayetaka kulihamisha aende ofisi ya Tume ya Uchaguzi na kitambulisho chake, siku zisizopungua 90 kabla ya uchaguzi. Uchaguzi mkuu huwa Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano. Hesabuni kurudi nyuma kutoka hapo.