Je, Wajua? Shaba ya Lubumbashi Inagawanywaje?

Je, wajua kwamba katika Élisabethville, jina la Lubumbashi hadi 1966, mfanyakazi wa kampuni ya shaba ya Union Minière alipata nyumba, posho, matibabu na shule ya watoto kwa mwajiri mmoja? Watu wakasema kampuni ndiyo baba, ndiyo mama. Ila baba huyo hakutaka kuulizwa maswali: vyama vya wafanyakazi vya Waafrika havikuruhusiwa hadi 1946.

Je, wajua waliouliza walipata jibu gani? Tarehe 9 Desemba 1941 wagomaji waliodai nyongeza ya mshahara walikusanyika kwenye uwanja wa mpira, wakapigwa risasi na askari. Idadi ya waliokufa inabishaniwa hadi leo.

Je, wajua sauti ya kura nayo ilichelewa, na kwamba kura ya kwanza ya manispaa mjini humo ilipigwa Desemba 1957? Wapiga kura walikuwa wanaume tu.

Je, wajua kwamba Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960, na siku 11 baadaye Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga, mkoa wa shaba wenye makao Élisabethville, akatangaza uhuru wa mkoa huo? Bendera zilikuwa nyingi, lakini kiini kilikuwa mfuko: kodi ya shaba ilichangia sana mapato ya koloni zima, na Tshombe alitaka ibaki nyumbani. Union Minière ikamlipa yeye. Mtengano ulikwisha Januari 1963. Swali la nani apate mapato ya shaba halikwisha.

Ndiyo maana Katiba ya 2006 ililijibu kwa hesabu. Ibara ya 175 inaipa mikoa asilimia 40 ya mapato ya taifa, ikatwe palepale yanapokusanywa. Huo ni uhuru wa mkoa. Ibara ya 181 inaweka mfuko wa kusawazisha wenye asilimia 10, kwa ajili ya miradi ya kupunguza tofauti kati ya mikoa. Huo ni mshikamano. Karatasini, mizani imetulia. Kwa vitendo fedha hupitia Kinshasa kwanza, na mikoa husubiri.

Je, wajua kwamba sheria ya madini ya 2018 inagawa mrabaha hivi: serikali kuu asilimia 50, mkoa 25, eneo la mgodi 15, na 10 kwa vizazi vijavyo?

Na je, wajua kwamba mwaka 2015 Katanga iligawanywa kuwa mikoa minne? Shaba na kobalti nyingi ziliangukia Haut-Katanga na Lualaba. Haut-Lomami, yenye samaki wa ziwa Upemba na mashamba, sasa inatazama kusini kwa jicho lile lile ambalo kwalo serikali kuu iliitazama Élisabethville.